Bawaba Tatu za Mlango wa Majalada

Wanawake waliokuwa nje ya kanisa na watoto wachanga ndio waliouona moshi kwanza. Ilikuwa Jumapili, tarehe 15 Agosti 1954, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, saa nne na robo asubuhi. Moshi ulitoka upande wa baraza la Kanyamiti, kijiji kidogo kilichoko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyakakika. Ngoma ikapigwa. Padri akasimamisha misa, na watu wakateremka mbio, wengine na ndoo, wengine na magogo ya migomba yenye maji.

Walipofika, chumba cha karani kilikuwa kinawaka. Dari ya mafunjo ilikuwa imeshaanguka na mabati yanalia kwa joto. Iliwachukua zaidi ya saa moja kuuzima moto huo. Saa tano na nusu waliweza kuingia, na ndipo walipouona mlango wa chumba cha majalada.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya chumba cha karani, hakina dirisha, kuta zake za matofali na dari yake ya zege. Mlango wake mmoja ulikuwa wa mbao za mvule zilizofunikwa bati nene la chuma pande zote mbili. Ulijengwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya jambo moja tu: moto ukitokea, usipite hapo. Sasa ulisimama haujafunga, umeacha nafasi ya vidole viwili. Ulimi wa kitasa ulikuwa umetoka nje na kuegemea fremu. Ndani, rafu mbili za mbele zilikuwa majivu.

Mzee Rwezaura, hakimu wa baraza, aliitwa kwa haraka kutoka Bukoba. Alifika alasiri ile ile, akatazama ule mwanya, akasema neno moja: "Bawaba." Kabla jua halijazama, fundi aliyeufunga mlango ule alikuwa mahabusu.

Sajini Protase Rweyemamu wa polisi alifika Jumatatu saa tatu asubuhi kwa lori la kahawa, na askari mmoja. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa maneno tofauti. Hakimu alimpokea uani, kwenye mabenchi yaliyookolewa.

"Kesi yako ni nyepesi, Sajini," alisema Rwezaura. "Mlango ulifungwa kwa ufunguo Ijumaa saa sita mchana. Ufunguo ni mmoja tu, na nilikwenda nao Bukoba. Huu hapa. Moto umeanzia kwa karani, bawaba zimelegea kwa joto, mlango ukachomoka kwenye fremu. Fundi alifanya kazi mbovu."

"Ulifunga wewe mwenyewe, mzee?"

"Karani wangu alifunga. Lori lilikuwa linanisubiri barabarani. Nilimwambia afunge aniletee ufunguo, akaniletea."

"Kwa hiyo hukuona mlango ukifungwa."

"Niliuona ufunguo, Sajini. Ulikuwa mkononi mwangu."

Karani alikuja wakati huo, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Jina lake lilikuwa Placidius, mtu wa Muleba, umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Aliinama kidogo, akasema, "Karibu Kanyamiti, Afande. Pole na safari."

Hakimu alimtazama juu hadi chini. "Placidius! Leo umetoka kama mtu aliyelala shambani. Miaka mitano sijakuona na shati lenye kunjo."

"Tangu jana sijapata nafasi, Bwana Hakimu," alijibu karani, akishusha macho kwenye kaptula yake nyeupe iliyokunjamana.

"Na mkono?" aliuliza Sajini.

"Niliungua nilipookoa sanduku la mihuri. Nilikuwa wa kwanza kufika, Afande. Niliingia kwenye moshi, nikatoka nalo."

Watu wawili waliosimama karibu wakaitikia kuwa ni kweli, walimwona akitoka amekumbatia kitu ndani ya koti lake. Mmoja akasema kwamba mtu mwingine asingethubutu. Sajini akaandika kwenye daftari lake, kisha akaomba kuliona sanduku. Lilikuwa la mbao, limepakwa vanishi. Aliligeuza pande zote, akaliweka kwenye benchi.

Mtu wa pili aliyeshukiwa alikuwa Tumwine, mfuga ng'ombe. Alhamisi alishindwa kesi mbele ya baraza lile lile, kwa kuwa ng'ombe wake waliingia kwenye migomba ya jirani, naye akatoka akipiga kelele, "Baraza hili na liungue!" Watu kumi na watano walimsikia. Tena Jumapili alikuwa akilisha ng'ombe wake karibu na baraza, na mikono yake yote miwili ilikuwa na malengelenge.

"Shikamoo, Afande," alisema Tumwine alipoletwa.

"Marahaba. Ulisema liungue."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira, waitu, bwana wangu. Lakini nilipoona moshi niliacha ng'ombe wangu, nikapanda juu ya kuta kubomoa mabati ili moto usiende chumba cha hakimu. Tazama." Alikunjua viganja. Malengelenge yalikuwa yamepangana kwa mstari, kama ya mtu aliyeshika ukingo wa kitu chembamba chenye moto. "Kama ningetaka liungue, ningekaa na ng'ombe wangu nikitazama."

Sajini alitoka nje, akayatazama mabati matano yaliyobomolewa upande wa hakimu. Kwenye kingo za mawili kati yake kulikuwa na ngozi ya mtu imekaukia. Akarudi akamwambia Tumwine, "Nenda katibiwe mikono hiyo. Na asante."

Kisha akaomba aletewe fundi.

Rwegoshora alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini, Mlutheri, aliyejifunza useremala kwenye karakana ya misheni tangu kijana. Alikuwa hajalala. Hata hivyo, alipotolewa mahabusu hakulalamika kuhusu kufungwa kwake. Aliuliza jambo moja.

"Mlango umeanguka, Afande?"

"Haujaanguka. Umesimama, ila haukufunga."

Fundi akakunja uso. "Haiwezekani," alisema. "Ule hauwezi kusimama wazi wenyewe. Nionyeshe."

Wakaingia wote wawili kwenye vifusi, saa tano kasorobo. Mlango ulifunguka kuelekea ndani ya chumba cha majalada. Sajini akauweka mkono wake juu ya bati, akasukuma. Mlango ulipanda juu kidogo ukifunguka, kama mtu anayepanda ngazi. Alipouachia, ukashuka polepole na kurudi wenyewe hadi ulimi wa kitasa ukagonga fremu. Akausukuma tena. Ukarudi tena.

"Umepita kwenye moto," alisema Sajini kwa sauti ya chini, "na bado unatembea hivi?"

"Nilikaa wiki tatu nikiwaza bawaba zake," alijibu Rwegoshora. Sasa alizungumza kwa haraka, kama mtu aliyesahau kuwa ni mshtakiwa. "Mzee Rwezaura alitaka za shaba, kwa sababu zinang'aa. Nikamwambia shaba inalainika moto ukikaza. Bwana mmoja wa Bukoba akaniambia niweke bawaba za springi, zitaurudisha mlango. Nikamwambia springi ikishapikwa hupoteza nguvu, inakuwa waya tu, na mlango unabaki wazi siku ile ile unayotakiwa kufunga. Ndipo nikaagiza hizi. Chuma kitupu. Tazama hapa, bomba la bawaba limekatwa mshazari, juu na chini. Mlango ukifunguliwa hupanda huo mshazari. Ukiachiwa, uzito wake wenyewe unaushusha. Moto hauwezi kuondoa uzito, Afande."

"Na kwa nini tatu?"

"Mlango huu unabebwa na watu wanne. Bawaba mbili zingeubeba, lakini polepole ungelala upande na kukwama chini. Ya tatu nimeiweka karibu na ile ya juu, kwa kuwa juu ndiko mlango unakovuta. Na sikutumia skurubu za kawaida. Nilitoboa fremu, nikapitisha bolti." Akaigusa moja kwa kidole cha gumba. "Hazijatikisika."

Sajini alichuchumaa. Alikuwa amefungua milango maelfu maishani mwake bila kutazama kinachoishika, na sasa alijikuta anaitazama bawaba ya chini kama mtu anayesoma barua. Aliusukuma mlango ufunguke wote, akaushikilia kwa bega, akapitisha leso nyeupe katikati ya mabawa mawili ya bawaba. Leso ikatoka nyeusi. Akaenda ya kati, kisha ya juu. Nyeusi, nyeusi.

"Fundi, mlango ukiwa umefungwa, mabawa haya yanakaaje?"

"Yanalaliana. Karatasi haipiti."

"Moshi je?"

Rwegoshora akaichukua ile leso, akaitazama, akamtazama Sajini. "Moshi pia haupiti," alisema. "Sehemu hii ingetakiwa kuwa safi kama nilivyoipaka mafuta."

Sajini akaufuta ulimi wa kitasa. Nao ulikuwa na masizi mpaka nchani, pande zote. Akaingiza kidole kwenye tundu la fremu ambamo ulimi huo ungetakiwa kuwa. Tundu lilikuwa halijachubuka hata kidogo.

"Kama ungechomolewa kwa nguvu," alisema fundi, "tundu lingepasuka. Huu ulizungushiwa ufunguo mlango ukiwa wazi. Ulimi ukatoka hewani."

"Kwa hiyo mtu akapeleka ufunguo kwa mwenyewe, na chumba hakijafungwa. Lakini umeniambia mlango hauwezi kusimama wazi wenyewe."

"Hauwezi. Lazima uzuiwe na kitu."

"Kabari ya mti?"

"Ingeungua. Ikishaungua tu, mlango unashuka na kufunga. Lazima kiwe kitu kizito kisichoungua."

Wakashuka wote wawili kwa magoti. Chumba cha majalada hakikuingia maji wakati wa kuzima moto, na sakafu yake ya saruji ilikuwa imefunikwa masizi laini, sawasawa kama unga. Mahali pamoja tu, pale ukingo wa mlango ulipofika ukifunguliwa wote, palikuwa pasafi. Alama ile ilikuwa na urefu wa shibiri moja, butu nyuma, imechongoka mbele.

Sajini aliikagua kwa muda mrefu. Alikuwa na mke, na mke wake alikuwa na kitu chenye umbo lile.

Alipoinuka aliuliza jambo jingine. "Rafu za nyuma zimepona. Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu alikiondoa hicho kitu moto ukiwa bado unawaka," alisema Rwegoshora. "Mlango ukashuka wenyewe, ukaacha vidole viwili tu. Moto wa ndani ukakosa hewa, ukafa." Akaupapasa ukingo wa mlango. "Ulifanya kazi yake, Afande. Hata ulipozuiwa, ulipoachiwa tu ulifanya kazi yake."

Mchana ule Sajini alikwenda kanisani, mwendo wa dakika kumi kutoka barazani. Mwalimu Adelgunda, aliyeongoza kwaya, alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo.

"Karani Placidius ni mwanakwaya wako?"

"Ndiye besi yangu. Wengine wananguruma, yeye anaimba."

"Jana aliimba?"

"Aliimba." Kisha akasita, akafunga kitabu alichokishika. "Aliimba Gloria. Kwenye Kredo nilisikia shimo chini ya sauti zote, nikageuka, hayupo. Baadaye nilimuuliza, akasema tumbo lilimsumbua. Unaniuliza kwa nini, Afande? Yule ni mtu mwema. Alimuuguza mama yake mwaka mzima kwa mikono yake mwenyewe."

"Kati ya Gloria na Kredo jana padri alihubiri kwa muda gani?"

"Sikukuu? Nusu saa nzima."

Kazi ya mwisho ya siku hiyo ilifanyika uani. Sajini, hakimu na askari walitoa majalada yaliyopona, moja moja, wakayaanika juani. Hakimu aliyataja kwa kumbukumbu yaliyohitajika kwa kesi za wiki ile. Lilipofika moja la mwaka 1938, hukumu juu ya shamba, kingo zake zimeungua lakini maandishi yanasomeka, Sajini alilifungua, akalisoma lote. Akamwomba hakimu alitunze kifuani mwake, asimwonyeshe mtu.

Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, watu walijaa uani. Kesi ya mjane Kyomuhendo ilikuwa imepangwa siku hiyo, na mwenyewe alikuja mapema, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, ameketi kwenye nyasi juu ya mkeka wake. Alidai kibanja cha marehemu mume wake, shamba la migomba. Miaka mitatu nyuma, akiwa kwa binti yake Bugomora, kibanja kilionekana hakina mwenyewe, kikagawiwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Placidius.

Sajini aliwaita hakimu, karani, fundi na mama Kyomuhendo ndani ya vifusi. Wengine walichungulia kutoka ukutani.

"Bwana Placidius," alisema, "sanduku la mihuri uliliokoa kwenye moto?"

"Ndiyo, Afande."

"Mkono wako uliungua mpaka nyama. Sanduku ni la mbao, na vanishi yake haijatoka hata lengelenge moja. Lilikuwa wapi?"

Karani alilamba midomo. "Labda... lilikuwa mahali penye nafuu."

"Lilikuwa chumba cha hakimu, ambako moto haukufika. Mzee anasema huliacha huko kila Ijumaa."

"Huko huko," alisema Rwezaura, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Basi ulichokumbatia ndani ya koti kilikuwa kitu kingine." Sajini akampa ishara askari, naye akafunua gunia alilolibeba. Ndani yake kulikuwa na pasi ya mkaa. "Hii imetoka nyumbani kwako leo alfajiri, chini ya kitanda. Fundi, iangalie mpini."

Rwegoshora aliipokea. "Mkaratusi mbichi," alisema. "Umechongwa kwa kisu juzi au jana. Maganda bado yapo. Na hapa uliposhikizwa mpini wa zamani pana makaa. Ule uliungua."

"Ndiyo sababu Jumatatu mtu nadhifu kuliko wote Kanyamiti alikuja kazini na shati lenye mikunjo," alisema Sajini. "Fundi, tafadhali."

Rwegoshora aliusukuma mlango hadi mwisho, akainama, akaiweka pasi juu ya ile alama safi sakafuni. Iliingia bila kubaki nafasi ya unywele. Akauachia mlango. Ukashuka, ukaigusa pasi, ukasimama. Watu waliokuwa ukutani wakaguna.

Kisha akaivuta pasi. Mlango mzito ukageuka taratibu mbele yao, bila mlio, ukarudi kwenye fremu.

Placidius aliutazama ukifunga. Kila kitu usoni mwake kilishuka pamoja nao.

"Nilijaribu kabari," alisema, kama anazungumza peke yake. "Jumamosi. Nikakumbuka itaungua. Jiwe lingeonekana na kila mtu. Pasi ningeweza kuitoa ndani ya koti." Akafunika uso kwa ule mkono uliofungwa kitambaa. "Nilijua kitasa chake, nilijua ukuta wake. Bawaba sikuzielewa hata siku moja. Nilidhani joto limeshaziharibu, nikiondoa pasi mlango utabaki wazi vile vile. Ulinifuata nyuma yangu."

"Kwa nini, Placidius?" aliuliza hakimu. "Kwa nini majalada yote?"

"Ulikwishaliona lile la 1938, Bwana Hakimu. Kama ningeliiba moja, ungejua ni mimi. Hukumu inasema kibanja ni cha mume wa huyu mama. Nililisoma mwezi wa saba. Nilijua ana haki." Alimgeukia Kyomuhendo, akashindwa kumtazama. "Nilipogawiwa sikujua. Naapa sikujua. Nikamleta mama yangu, akafia pale, nikamzika pale, chini ya migomba. Niliwaza kwamba nikishindwa kesi, nitamfukua mama yangu kwa mikono yangu. Sikuweza."

Sajini aliuliza, bila ukali. "Na fundi? Ungemwacha afungwe?"

Rwegoshora alikuwa anafuta masizi kwenye bawaba ya kati kwa kona ya shati lake, kana kwamba swali lile halikumhusu.

Hakimu Rwezaura akatoa jalada kifuani, akaisoma hukumu yake kwa sauti, Kiswahili kwanza, kisha Kinyambo ili mama asipoteze neno. Alipomaliza, alimgeukia fundi mbele ya watu wote. "Nilikufunga kabla sijautazama mlango wako," alisema. "Nimekosa. Nisamehe."

"Ningependa tu, mzee," alisema Rwegoshora, "mkijenga upya, bawaba hizi msizitupe."

Saa saba lori lilikuwa tayari. Placidius alipandishwa nyuma, pingu mkononi, na Sajini akapanda kuketi kando yake. Ndipo Kyomuhendo alipoinuka kwenye mkeka wake. Alikuja mpaka ubavuni mwa lori, akaushika ubao kwa mikono yote miwili, akasubiri mpaka mfungwa alipoinua kichwa.

"Mama yako aliitwa nani?" aliuliza.

"Felicitas."

"Felicitas," alirudia mama, kama anayejifunza jina la jirani mpya. "Sitamwondoa. Nitampalilia nikipalilia migomba yangu. Ukitoka, uje umwone."

Dereva aliwasha injini. Placidius alitaka kusema kitu, midomo ikacheza bila sauti, yeye aliyekuwa besi ya Kanyamiti. Sajini Rweyemamu alivua kofia yake kwa ajili ya mama yule, akaishika magotini, na hakuivaa tena mpaka lori lilipovuka kilima.